Mlango wa Bi Harusi

Ramani ya kwanza ya banda letu niliichora nyuma ya kalenda ya mwaka uliokwisha, na nilianza na dirisha. Najua watu wenye akili zao huanza na msingi. Mimi nilianza na dirisha, nikalitilia kopo la maua chini yake, na juu ya maua nikaweka kipepeo. Banda lenyewe lilifuata baadaye, likalizunguka dirisha kama shuka inavyomzunguka mtoto.

Mama aliishika ile kalenda kwa mbali, kwa kuwa miwani yake huiweka mahali asipopajua.

"Hili dirisha ni la nini?"

"La kupitisha hewa, Mama."

"Masufuria yanapumua?"

"Na la kuchungulia nje."

"Achungulie nani? Sinia?"

Akanirudishia kalenda huku mabega yakimcheza kwa kicheko. Lakini hakuniambia nilifute. Mama yangu ana dawa mbili za ndoto zangu, kuzicheka na kuziacha ziendelee, na sijui ipi imenisaidia zaidi.

Nyumba yetu iko Msambweni, ndani kidogo ukiiacha lami, na wakati huo sebuleni hapakuwa na pa kutia mguu. Mama alikuwa mtunza vyombo wa chama cha kina mama wa mtaani. Masufuria makubwa sita ya pilau, masinia, majamvi, mabirika, ndoo nzima ya miko mirefu, vyote vilikaa kwetu. Pakitokea harusi, hitima au msiba, hodi ya kwanza hupigwa mlangoni petu. Na zaidi ya vyombo vyote hivyo palikuwa na kochi.

Kochi lile lilichongeshwa na chama kwa ajili ya maharusi. Lina mahameli nyekundu, mikono iliyojikunja kama mikia ya paka, na mgongo mrefu uliochongwa mfano wa tausi aliyefungua mkia, wote umepakwa rangi ya dhahabu. Kila binti wa mtaa wetu aliyeolewa miaka hii amelikalia. Basi kina mama wakaacha kuliita kochi, wakaliita Bi Harusi. Ukiwasikia utadhani wanamsema mtu. "Bi Harusi karudi salama?" "Msogezeni Bi Harusi tupite." "Jamani, Bi Harusi kaingia vumbi, hana wa kumpangusa?" Mimi nililala naye chumba kimoja miaka mingi, yeye kwenye jamvi lake, mimi kwenye godoro langu, na sikuona ajabu yoyote.

Taabu ilianzia kwenye paa. Mabati yetu yalikuwa yameota kutu, na tundu moja lilikuwa juu ya Bi Harusi hasa. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa alikuja mwenyekiti wa chama. Huyu ni mama mzaliwa wa Waa aliyeolewa kwetu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe na moyo laini ambao ameuficha vizuri sana. Alibonyeza mto wa kochi kwa kidole kimoja, maji yakatoka.

"Dada yangu," alimwambia Mama, "hili si kochi tena. Hili ni dodoki."

"Nitalianika."

"Utalianika mara ngapi? Harusi ya binti wa jirani yako iko mwezi wa pili kutoka sasa. Ikifika siku hiyo na vyombo bado havina mahali pa kukaa, vinakuja kwangu. Mimi nina chumba cha mawe."

"Sawa," Mama alisema, akammiminia chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa tayari.

Ile chai iliyomwagika mezani ndiyo iliyoniambia alivyoumia. Tangu Baba afariki, watu waliokuwa wakija kwa ajili yake walipungua mmoja mmoja, bila ubaya, kila mtu na yake. Waliobaki kuja ni wa vyombo. Anayekuja kuchukua sinia hukaa, hunywa chai, huacha habari za mji mzima. Anayerudisha hukaa tena. Mimi siku nyingi niko kazini. Vyombo vikiondoka, vitaondoka na zile hodi, na Mama atabaki na redio.

Kwa hiyo nikasema, kwa sauti kubwa kuliko uwezo wangu, "Tutajenga banda."

Mimi hufanya usafi katika nyumba ya wageni kule Galu, hulala hukohuko na kurudi nyumbani siku mbili kwa wiki. Nilikomea kidato cha pili, lakini macho yangu hayakuacha shule. Bustanini pale palikuwa na banda dogo la mbao, jeupe na buluu, lenye dirisha la vioo viwili, na ndani yake ilikaa mashine ya kukatia nyasi. Mashine ile ilikuwa imelala pazuri kuliko mimi. Nilikuwa nikipita na ufagio wangu nasimama, nasema moyoni, kumbe hata kitu kisicho na roho chaweza kupewa heshima. Masufuria yetu, yaliyokwisha kulisha watu waliofurahi na watu waliolia, yana kosa gani?

Bahati ikanichekea. Walikuwa wakibomoa uzio wa zamani, msimamizi akaniambia nichukue mbao nitakazo na nusu ya kopo la rangi ya buluu. Nguzo za mti wa mvinje tulizipata kwa mjomba wangu. Makuti waliyashona kina mama wenyewe, uani kwetu, wakinicheka.

"Eti dirisha lina kopo la maua!"

"Muacheni. Kesho ataweka pazia, masufuria yavae nguo za ndani."

Fundi tuliyempata alikuwa mtu wa bara, aliyehamia na wazazi wake kwenye mashamba ya skimu, yale yaliyogawiwa na serikali upande wa Shimba Hills, akiwa mdogo. Mpole, msafi wa kazi, Mkristo wa kuomba kabla ya kupiga msumari wa kwanza. Alikaa nasi uani, kalenda yangu gotini, penseli sikioni. Hakulicheka dirisha langu, na hapo hapo nikampenda kama kaka.

"Sasa dada," akasema, "mlango haipimwi na nyumba. Mlango inapimwa na kitu yenye itapita. Niandikie vitu yote."

Nikakata karatasi ya daftari. Mama akataja, mimi nikaandika kwa mwandiko wangu wa sherehe: Masufuria makubwa sita. Masinia. Majamvi. Mabirika. Miko. Na mwisho kabisa, Bi Harusi. Hapo nikapiga mstari chini, nikachora na ua dogo, kwa mapenzi.

Fundi alisoma, akafika mwisho, akanyanyua macho.

"Bi harusi pia?"

"Huyo ndiye wa kwanza," Mama akasema. "Bila yeye, hayo mengine ni mzigo tu."

"Ni mtu… ako na mwili?"

"Amejaaliwa," Mama akajibu kwa fahari. "Na hataki kukwaruzwa."

"Sawa, Mama. Hatapata shida." Akaikunja ile karatasi polepole, akaitia kwenye pochi yake kama cheti.

Mimi nilikuwepo. Nilisikia kila neno. Nilikuwa nawaza rangi ya kopo.

Kazi ilikwenda mbio. Nguzo zikasimama, makuti yakapanda, kuta za nyuma na za pembeni zikazibwa. Ukabaki wa mbele tu, nao ungekuwa na mlango upande mmoja na dirisha langu upande wa pili. Jioni ile wingu likaja kutoka baharini, zito, na Mama akalitazama paa la nyumba, akalitazama paa jipya la makuti, akaita majirani. Tukambeba Bi Harusi. Mlango wa nyumba yetu ni wa zamani, wa mbawa mbili, wa babu yangu. Ukifunguliwa wote hupita hata ngamia. Tukamwingiza bandani kwa upande ule uliokuwa wazi, tukamfunika turubai, na mvua ikanyesha usiku kucha bila kumgusa. Asubuhi Mama alikuwa akiimba.

Mimi nikarudi Galu. Niliporudi tena nyumbani, ukuta wa mbele ulikuwa umezibwa, mlango umetiwa, na dirisha langu lilikuwa pale pale nilipolichora. Nililia kidogo. Sioni haya kusema. Nikapaka rangi ya buluu siku nzima, nikatia kopo la asumini dirishani, nikasimama mbali nikalitazama banda letu, nikakaribia, nikasimama mbali tena.

Mlango ulikuwa mwembamba, lakini ulirandwa nikashangaa. Miimo yake ilikuwa laini kama mkono wa mtoto, hakuna hata kibanzi. Ndani, nyuma ya mlango, palikuwa na kigingi kizuri cha mbao kimepigwa ukutani, saizi ya kutundikia nguo. Nikasema, huyu fundi ni mtu wa mambo. Mama akanunua kufuli, akafunga, ufunguo akaufundika kwenye pindo la leso yake, na kuanzia siku hiyo mkono wake ulikuwa ukienda kwenye lile fundo kila dakika kuhakikisha lipo. Akiongea, mkono kwenye fundo. Akisonga ugali, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine kwenye fundo.

Siku za harusi zikafika. Masufuria yalitoka bila neno. Masinia yakatoka, majamvi yakatoka. Kisha ikaja siku yenyewe ya kupamba, ile alasiri ambayo bi harusi hukalishwa mbele ya wanawake wote wamtazame mpaka washibe. Asubuhi yake wakaja kina mama wanne, leso zimekazwa viunoni, kumchukua Bi Harusi.

Wakamnyanyua. Wakafika mlangoni. Wakasimama.

"Mgeuzeni kidogo."

Wakamgeuza.

"Mwinueni kichwa!"

"Kichwa ndicho kipi?"

"Huko kwenye tausi!"

"Sasa mlazeni ubavu."

"Ubavu upi?"

"Wa Bi Harusi, si wako!"

Wakamtanguliza kwa mgongo, mikono ikagoma. Wakamtanguliza kwa mkono mmoja, tausi akanasa kwenye kizingiti cha juu. Wakajaribu kumsimamisha wima, akakaa mlangoni kama mgeni asiyejua kama ameambiwa karibu. Mmoja wao, bibi aliyekuwa mkunga maisha yake yote, akajifuta jasho.

"Huyu katanguliza matako," akasema. "Mrudisheni ndani."

Kicheko kile kilisikika nyumba ya harusi, maana mwenyekiti alitokea papo hapo. Aliangalia kochi, akaangalia mlango, akapima kwa macho, akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nimeshaanza kulijibu kimoyomoyo.

"Aliingiaje?"

Kina mama wakanigeukia.

"Aliingia kabla ya ukuta," nikasema.

Mwenyekiti akavuta pumzi. Nilimtazama Mama. Mkono wake ulikuwa kwenye fundo la leso, umelishika kama mtu anayevushwa barabara.

Hapo ndipo fundi wetu akaingia uani, shati limepigwa pasi, chupa ya chai mpya mkononi imefungwa utepe. Alikuwa mwalikwa, alikuja kula pilau na kuleta zawadi.

"Hamjambo kina mama. Bi harusi ako wapi nimpe mkono?"

"Huyo hapo," Mama akasema. "Kakwama."

Fundi akainama, akachungulia nyuma ya kochi.

"Sioni mtu."

"Huyo!" Mama akapiga ule mto kofi. "Huyo ndiye Bi Harusi!"

Fundi akanyooka. Kisha, taratibu sana, akatoa pochi, na ndani yake akatoa ile karatasi yangu, bado imekunjwa vilevile. Akaifungua. Akatuonyesha lile jina, na mstari wake, na ua lake.

"Mama, mimi nilipima bi harusi mtu," akasema. "Nikaambiwa amejaaliwa, nikamwongezea inchi tatu. Nikaambiwa hataki kukwaruzwa, nikapiga randa siku mzima. Nilijua nyinyi huku mnaweka bi harusi ndani mpaka siku yake. Hata kigingi ya kutundika buibui yake nimemwekea. Nikaona kochi yake imeletwa, nikasema, sasa huyu msichana atakaa vizuri."

Mkunga akakaa chini. Wengine wakashikana. Mmoja akasema atakufa, mwingine akamwambia asife leo, pilau iko motoni. Hata mwenyekiti aliifunika midomo kwa ncha ya leso. Tuliokosa kucheka ni watatu: fundi aliyekuwa amesimama na chupa yake, Mama, na mimi.

"Kosa ni langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyeandika."

"Kosa litajulikana baadaye," mwenyekiti akasema. "Sasa hivi nataka kochi."

Fundi akaweka chupa chini, akakunja mikono ya shati. Alizunguka banda mara moja, akigonga nguzo kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Akasimama mbele ya dirisha langu.

"Mlango tukigusa, paa italala," akasema kwa upole, kama anayepeleka habari ya msiba. "Lakini hapa hakuna shida. Dirisha haibebi kitu."

Nilitoa kopo la asumini. Lilikuwa na maua matatu, madogo, yamefunguka asubuhi ile. Kisha nikamwomba msumeno. Alitaka kukata yeye, nikamwambia hapana, acha nianze mimi. Mbao za Galu zilikuwa kavu na zilitoa unga mweupe juu na buluu kidogo. Nilikata upande mmoja wa dirisha, yeye akakata wa pili, tukaling'oa zima na fremu yake, halafu tukatoa na mbao za chini yake mpaka ardhini. Kina mama walikuwa wameacha kucheka. Kuna mmoja alinishikia mbao isinidondokee mguuni, na alikuwa ni yule aliyesema habari ya nguo za ndani.

Bi Harusi akatoka. Alipita pale palipokuwa na dirisha, tausi mbele, na mkunga akapiga kigelegele cha mtoto aliyezaliwa salama. Nikalitia lile kopo la asumini juu ya mto, likaondoka naye, likiyumbayumba juu ya mahameli kama abiria.

Alasiri nilimwona binti wa jirani amekaa juu yake. Mikono imejaa hina, macho chini, asumini zangu tatu zimechomekwa kwenye nywele zake. Sijui nani alizichuma. Alikuwa mwembamba kama unyasi. Mlango wa fundi angepita na mashoga zake wawili.

Kabla ya magharibi vyombo vikarudishwa. Masufuria yakaingia, masinia, majamvi, na mwisho Bi Harusi, vyote kwa kupitia lile pengo, maana nani angehangaika na mlango? Mwenyekiti alikuwa amesimama uani akihesabu kwa kidole, uso haukusema lolote. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya dirisha langu lililolala chini, nangoja hukumu.

Kila kitu kilipokuwa ndani, Mama akaenda mlangoni. Akaufunga. Akatia kufuli, akazungusha ufunguo, akalivuta kufuli mara mbili kuhakikisha limeshika. Hatua moja kutoka mkono wake palikuwa na uwazi ambao ng'ombe na ndama wake wangepita bila kugusana. Akaufundika ufunguo kwenye pindo la leso, akakaza kwa meno.

"Dada yangu," mwenyekiti akasema, "hapo unafunga nini?"

"Nafunga mlango."

"Na hapo pembeni?"

"Hapo pembeni ni pengo," Mama akasema. "Pengo si lako wala si langu, litazibwa. Mimi nimepewa ufunguo, nafunga."

Mwenyekiti alilitazama kufuli, akalitazama pengo. Kisha kitu kikaanza kumtikisa tumboni, kikapanda, na kicheko alichokibana tangu asubuhi kikamtoka chote. Alicheka mpaka akaja kukaa karibu nami, juu ya dirisha.

"Anayefunga hata pasipo na ukuta," alisema akijifuta macho, "huyo hata kijiko hakitampotea. Vikae hapahapa. Mwambieni yule kijana wa skimu arudi atutilie mlango wa mbawa mbili." Akanigeukia. "Na wewe, siku nyingine ukiandika, andika kochi."

"Ndiyo, Mama."

"Na dirisha lirudi. Upande wa nyuma. Nimelizoea."

Fundi alikuwa na kazi nyingine, akasema atakuja baada ya siku nne. Sisi tukaning'iniza turubai kwenye pengo. Kesho yake asubuhi nilikuwa nafunga mkoba wangu wa safari ya Galu niliposikia hodi. Alikuwa kijana wa nyumba ya harusi, amekuja kurudisha sinia lililosahaulika huko kwao. Alisema hodi, akainua turubai, akataka kuingia zake.

"Marahaba, karibu," Mama akaita kutoka jikoni, ingawa shikamoo haikuwa imetolewa bado. "Lakini rudi hapo. Pitia mlangoni."

"Mlangoni? Na hapa je?"

"Mlangoni, mwanangu. Ngoja nikufungulie."

Akatoka akipangusa mikono, akasimama mbele ya ule mlango mwembamba, akaanza kulifungua fundo la leso, polepole, huku akimuuliza habari za ngoma ya jana usiku na nani alicheza zaidi.